Utafiti wa kipindupindu unafanyika Uvira. Baraka na Fizi wanapata nini?

Kati ya Uvira na Baraka hakuna hata kilomita 100 za barabara, na karibu njia yote inafuata Ziwa Tanganyika. Maji ni yaleyale, wavuvi ni walewale, na kipindupindu, au kolera kama wengi wanavyoiita, hakisimami kwenye kizuizi chochote. Lakini katika macho ya wanasayansi miji hii miwili iko mbali sana. Uvira imeandikwa mara nyingi katika majarida makubwa ya udaktari duniani. Baraka na Fizi hutajwa zaidi katika ripoti za vita na wakimbizi.

Hilo si jambo la sifa tu. Siku hizi chanjo, dawa na hata mabomba ya maji hugawiwa kufuatana na ushahidi, na ushahidi hupatikana pale ambapo mtu amekaa, akauliza swali, akahesabu wagonjwa. Katika territwari ya Fizi, neno «utafiti» likitajwa karibu na hospitali, wa kwanza kusikika ni wale wanaosema wananchi wanafanywa kobaye, yaani wanyama wa majaribio. Hofu hiyo haikutoka hewani. Hata hivyo, ukitazama yaliyofanyika mashariki mwa Kongo tangu mwaka 2018, hatari iliyo karibu zaidi na mkaaji wa Baraka ni nyingine: kwamba hakuna anayemjaribu wala kumuuliza lolote, na yaliyogunduliwa kwa jirani zake hayamfikii, au yanamfikia nusu.

Mwaka 2025 ulionyesha uzito wa suala hili. Kufikia mwezi Disemba, UNICEF ilihesabu zaidi ya wagonjwa 60,000 wa kipindupindu nchini Kongo na vifo zaidi ya 1,800, ikasema ni mlipuko mbaya kuliko yote katika miaka 25. Pwani ya Tanganyika, kuanzia Uvira, kupitia Fizi hadi Kalemie, imo kwa miaka mingi kwenye orodha ya maeneo ambako ugonjwa huu hauishi kabisa. Mtafiti Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walionyesha tangu 2008 kwamba milipuko inayoshuka hadi mikoa mingine mara nyingi huanzia kwenye miji ya maziwa ya mashariki.

Uvira wamejifunza nini? Kazi ya kwanza yenye uzito ilichapishwa 2015 katika jarida la PLOS Medicine, na ilifanywa na watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzao wa Kongo. Katika kazi hiyo hakuna aliyemeza kidonge wala kuchomwa sindano. Watafiti walichukua rejista za kituo cha matibabu ya kipindupindu cha Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando ya rekodi za REGIDESO zinazoonyesha kila siku mtambo umetoa maji kiasi gani. Basi. Ni madaftari mawili ambayo yalikuwepo tayari, na hakuna aliyekuwa amewahi kuyasoma pamoja.

Yalipokutanishwa, yalisema jambo ambalo mama yeyote mwenye bidoni angeweza kulisema, ila safari hii kwa namba. Siku ambayo robine zote zilikauka ilifuatwa na siku 12 ambazo wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155, ikilinganishwa na siku ambayo mtambo ulifanya kazi vizuri. Karibu robo ya wote waliolazwa katika miaka hiyo walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Mitaa iliyozoea kutumia maji ya REGIDESO kwa kawaida ilipeleka wagonjwa wachache, lakini ndiyo iliyopigwa zaidi maji yalipokatika. Maelezo yake si magumu: mtu aliyezoea robine, siku inapokauka, hurudi ziwani.

Kutokana na hesabu hiyo, wafadhili walikubali kupanua mtandao wa maji wa Uvira, wakiwemo Shirika la Maendeleo la Ufaransa na wakfu wa kampuni ya Veolia. Pamoja na ujenzi likaja jaribio: mitaa iingizwe kwenye kazi kwa zamu iliyopangwa kwa kura, ili mtaa uliokwisha kupata maji ulinganishwe na ule unaosubiri. Kazi za ujenzi zilichelewa, na kila anayeijua Kivu Kusini anaweza kukisia sababu. Lakini wazo lenyewe lina haki ndani yake. Kama fedha hazitoshi kuwafikia wote siku moja, kura inampa kila mtaa nafasi sawa, na hapohapo inajibu swali ambalo serikali inapaswa kujiuliza: je, mabomba haya yanapunguza wagonjwa kweli?

Halafu ikaja chanjo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja nyumba na mabomba ya Uvira, wakaaji walipewa chanjo ya kunywa dhidi ya kipindupindu. Wengine walipata dozi mbili, wengine moja tu. Daktari Espoir Bwenge Malembaka, aliyefundisha na kutafiti katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wizara ya afya, waliamua kufuatilia kilichotokea. Mgonjwa alipofika kituoni na maabara ikathibitisha kwamba ni kipindupindu, timu ilikwenda mtaani kwake, ikatafuta majirani wa umri wake na jinsia yake ambao hawakuugua, ikauliza nani alichanjwa na nani hakuchanjwa. Matokeo yalitoka 2024 katika Lancet Infectious Diseases. Kati ya mwezi wa 12 na wa 17 baada ya chanjo, dozi moja ilipunguza hatari kwa takriban nusu. Hata kati ya mwezi wa 24 na wa 36, kinga hiyo ilikuwa imeshuka kidogo tu.

Nusu inaweza kuonekana ndogo. Lakini Oktoba 2022 dunia iliishiwa na chanjo hiyo kiasi kwamba kikundi cha kimataifa kinachosimamia akiba kiliamua, wakati wa milipuko, kutoa dozi moja badala ya mbili. Uamuzi ulichukuliwa kwa sababu ya uhaba, na ushahidi wa muda mrefu kutoka maeneo kama yetu ulikuwa mdogo. Jaribio kubwa lililokuwepo lilifanyika Dhaka, Bangladesh, 2014, likiwa na zaidi ya watu 200,000, na huko dozi moja haikuonekana kuwalinda watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo wagonjwa wa Uvira walijibu swali lililokuwa linasubiriwa kuanzia Haiti hadi Msumbiji. Wengi wao hawajui kwamba walifanya hivyo, na makala yenyewe iko kwa Kiingereza.

Kuna tunda jingine la kazi za Uvira ambalo halizungumzwi sana, nalo pengine lina maana zaidi kwa Baraka kuliko yote. Wagonjwa walipoanza kupimwa kwa kipimo cha haraka badala ya kuandikwa tu «kolera» kwa kutazamwa, chini ya nusu ya waliopimwa ndio walioonekana kuwa na kipindupindu. Waliobaki walikuwa na kuharisha kwa aina nyingine. Fikiria sasa territwari ambako kipimo hakipo, ambako kila anayeharisha na kutapika anaingizwa kwenye hesabu moja. Hesabu hiyo ndiyo inayokwenda Bukavu na Kinshasa, na ndiyo inayoamua chanjo iende wapi. Inaweza kuwa kubwa kupita ukweli, na inaweza kuwa ndogo kupita ukweli, kwa kuwa kijiji cha Milima ya Itombwe au cha mwambao usio na barabara hakipeleki mgonjwa hospitali hata kidogo.

Ndiyo maana ni hatari kuchukua majibu ya Uvira na kuyabandika Fizi kama yalivyo. Utafiti wa 2015 ulihusu mji wenye mtambo na robine. Katika vijiji vingi kati ya Baraka na kusini mwa territwari, familia huteka ziwani au mtoni kila siku. Hakuna robine ya kukauka. Kuna Lusenda, kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa 2015, na Mulongwe iliyofuata, ambako watu wengi wanategemea maji ya mashirika. Kuna miji ya dhahabu kama Misisi, ambako vijana huja na kuondoka kila msimu, kiasi kwamba aliyechanjwa leo mwezi ujao yuko kwingine. Kinga ya dozi moja hapo inadumu kiasi gani? Majirani wa kulinganisha utawapata wapi, ikiwa nusu yao walifika wiki iliyopita wakikimbia?

Kwa nini basi watafiti husimama Uvira? Jibu la kwanza ni maabara, umeme wa kuhifadhi sampuli, barabara ya kuzitoa, na chuo kikuu kilicho jirani. Jibu la pili ni usalama, na hapo Fizi ina rekodi mbaya. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walifika Baraka mwaka 2003 na kwa miaka mingi ndio walioishikilia hospitali. Mwaka 2020, baada ya timu zao kushambuliwa mara kadhaa, walitangaza kuondoa sehemu kubwa ya kazi zao katika territwari. Waliopoteza zaidi si watafiti, ni wanawake wa kujifungua na watoto wenye malaria. Lakini ndivyo pia unavyopotea uwezo wa kujua: daktari anapoondoka na rejista hufungwa, na pasipo rejista hakuna utafiti wa aina ile ya 2015.

Hapo hofu ya kobaye inahitaji kujibiwa kwa uaminifu, bila kuidharau. Mfano ulio karibu ni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri. Novemba 2018, katikati ya vita, vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina vilianza jaribio lililoitwa PALM, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Wagonjwa 681 waligawiwa kwa kura dawa nne. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, lakini jaribio halikufa. Agosti mwaka huo, kamati huru iliyokuwa ikitazama hesabu iliamuru kugawa kwa kura kusimame, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonekana wazi kuokoa watu zaidi: waliokufa walikuwa karibu theluthi moja, na kwa dawa nyingine karibu nusu. Moja ya dawa hizo mbili ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Siku chache baadaye Ebola ilifika Mwenga, inayopakana na Fizi. Safari hii kulikuwa na dawa.

Ukiwauliza wanaotilia shaka, watasema: sawa, lakini dawa hizo ziko wapi leo? Wana hoja. Baada ya kuidhinishwa na Marekani mwishoni mwa 2020, sehemu kubwa ya akiba ilihifadhiwa hukohuko, na MSF ililalamika hadharani kwamba wagonjwa wa Afrika, ambao miili yao ndiyo iliyothibitisha dawa, hawazipati kwa urahisi. Kisa cha chanjo ya pili ya Ebola nacho hakikusaidia kujenga imani. Waziri wa afya Oly Ilunga aliipinga waziwazi, akasema itawachanganya wananchi; Julai 2019 akajiuzulu baada ya rais kumkabidhi Muyembe usimamizi wa vita dhidi ya Ebola, na Novemba chanjo hiyo ikaanza kutolewa Goma. Wananchi waliona wakubwa wakibishana na baadaye wakaambiwa wanyooshe mkono. Mlipuko uliisha kabla ya kujulikana chanjo ile inakinga kiasi gani.

Mpox ilileta somo la upande mwingine. Aina mpya ya virusi vyake ilitambuliwa Kamituga, hapahapa Kivu Kusini, ikianzia kwa wagonjwa wa Septemba 2023, katika mji wa dhahabu unaofanana na Misisi kwa mengi. Wakati huo, Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru, jaribio lilikuwa likiendelea la dawa ya tecovirimat kwa wagonjwa 597. Agosti 2024 ikatangazwa kwamba dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini watafiti waligundua kitu ambacho hawakukitafuta. Katika jaribio zima, kwa waliopewa dawa na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, vifo vilikuwa asilimia 1.7, chini kabisa ya asilimia 3.6 au zaidi iliyozoeleka nchini. Kilichowasaidia ni kulazwa, chakula, maji mwilini, na muuguzi wa kuwatazama kwa siku 14 au zaidi.

Takwimu hiyo ingepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila hospitali ya Fizi. Inasema kwamba uangalizi tu, unaofanywa kwa makini, unaweza kupunguza vifo hata pale dawa mpya inaposhindwa. Inaonyesha pia mtego uliomo ndani ya utafiti katika nchi maskini. Ambapo matibabu ya kawaida yanalipiwa na kitanda hakina godoro, mgonjwa anayeambiwa kwamba ndani ya jaribio atatibiwa bure hachagui kwa uhuru kamili. Anatia kidole kwenye karatasi kwa sababu nje hakuna kitu. Karatasi hiyo, zaidi ya hayo, ikiwa kwa Kifaransa na ikasomwa haraka kwa mama anayeongea Kibembe au Kirundi, ni vigumu kuiita ridhaa.

Kanuni zipo. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitia upya Oktoba 2024, linataka ridhaa inayoeleweka, linataka jamii ishirikishwe tangu utafiti unapopangwa, na linataka kabla ya kuanza ijulikane washiriki watapata nini baada ya kumalizika. Nchini Kongo kila jaribio linapaswa kupitia kamati ya maadili. Kinachokosekana Fizi ni watu wa kudai kanuni hizo zifuatwe. Kamati za maendeleo ya afya zipo katika maeneo ya afya, na wajumbe wake wanajulikana mtaani, lakini hutumika zaidi kuhamasisha watu waende kuchanjwa. Hakuna kinachowazuia kuuliza mapema: sampuli zinakwenda wapi, nani atarudi kutuambia mlichokiona, na dawa ikifaulu, hospitali ya Baraka itaipata lini na kwa bei gani?

Maswali hayo yana uzito zaidi sasa kwa kuwa fedha zinapungua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na majaribio ya kitabibu katika nchi mbalimbali yakakatwa katikati, mengine washiriki wakiwa bado wanatumia dawa au vifaa vya majaribio. Mwezi huohuo Goma iliingia mikononi mwa M23, Februari ikawa zamu ya Bukavu, mji wenye chuo kikuu na ofisi nyingi za utafiti wa jimbo. Disemba mapigano yakafika Uvira yenyewe, na watu wakakimbilia Burundi na kusini, kuelekea Baraka na Fizi.

Kwa hiyo hata mgawanyo wa zamani, Uvira ya watafiti na Baraka ya wakimbizi, umevurugika. Miongoni mwa waliokimbilia kusini wamo watu waliochanjwa 2020, ambao bado wangeweza kutoa majibu kuhusu kinga inayodumu miaka mitano na zaidi. Kuyapata majibu hayo Baraka hakuhitaji mashine kubwa. Kunahitaji vipimo vya haraka vya kutosha, rejista inayojazwa umri, mtaa na chanjo ya kila anayelazwa, na muuguzi anayelipwa mshahara wake ili aijaze hata usiku. Madaftari mawili ya Uvira yalikaa miaka kabla ya mtu kuyasoma pamoja, lakini angalau yalikuwa yameandikwa.